Kumrudisha Mama Hyongu

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefika Gwangju. Basi la kutoka Goheung lilijaa wazee waliopakata makopo ya kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, kila mmoja anampelekea mtoto wake. Mimi sikubeba kimchi. Aliyekuwa akiitengeneza nyumbani kwangu yuko huku.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Mke wangu Bok-rye alikuja kwa mwanetu Hyongu mwezi wa tano kulea mjukuu. Akaniambia ni mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja! Joto limepita, mpunga umevunwa, vitunguu saumu vimepandwa, yeye bado. Mimi nakula tambi za paketi. Mwanamke pekee anayenisemesha nyumbani ni yule wa ndani ya sufuria ya umeme, anayetangaza kwamba wali umeiva, tafadhali ukoroge. Juzi nikajikuta namwambia asante. Nikaona sasa basi.

Nimekuja kumchukua. Si kumwomba. Kumchukua! Mwanamume wa umri wangu hamwombi mkewe arudi nyumbani. Anapanga mambo kimyakimya mpaka mwenyewe afungashe, tena aone kwamba wazo lilikuwa lake. Wote nimewaambia nimefuata daktari wa meno.

Mlango wa jengo unafunguliwa kwa namba. Namba hakunipa mtu. Nimesimama nje na ndoo niliyotoka nayo nyumbani mpaka akapita mtoto wa shule, nikajipenyeza nyuma yake. Akanitazama mpaka lifti ikajifunga.

Bok-rye akafungua. Amekata nywele! Fundo lake lote halipo. Zimeishia masikioni, zimepakwa rangi ya hudhurungi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Sijui kwa nini nilijibu vile. Basi wakajipakulia supu ya mifupa, mimi nimekaa pembeni nanusa mvuke. Nimelala na njaa kwa mwanangu wa kumzaa.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza: samaki taa.

Ndiye aliyekuwa kwenye ndoo. Kwetu kusini taa huchachushwa mpaka harufu yake ichome pua. Hesabu yangu ilikuwa hii: Narae, mke wa Hyongu, anafanya kazi benki, anapuliza manukato hata kwenye kabati la viatu. Akikutana na harufu ile atawaomba wazee wote wawili waende zao. Kwa adabu, lakini atawaomba.

Bok-rye alipotoka na mtoto nikafunua ndoo, nikafunga madirisha. Haukupita muda, kipaza sauti cha darini kikakohoa. Mlinzi wa jengo. Akatangaza kwamba wakazi wa upande wetu wanasikia harufu, na kama kuna aliyepasukiwa na bomba la choo, tafadhali asione haya, aje amwone. Bomba la choo! Samaki ambaye kwetu harusi bila yeye si harusi!

Jioni Narae akarudi. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi. Mimi nikajikunyata, nikatengeneza uso wa mnyonge. Akatupa mkoba sakafuni akauliza, huyo ni taa? Kumbe bibi aliyemlea ni mtu wa Mokpo, hukohuko kusini. Hajaonja taa tangu walipomzika. Akala amesimama, machozi yanamtoka, akasema Baba, kumbe Baba unajua kunifurahisha. Nusu ndoo ikaisha hivyo.

Nusu ya pili ikaja kumalizwa na mwingine. Kengele ikalia. Mzee aliyechana nywele vizuri, kitambaa cha hariri shingoni, chupa ya pombe ya mchele mkononi. Anakaa ghorofa ya chini yetu. Akasema amefuata harufu. Anaitwa Pyo, mwalimu mstaafu wa muziki, aliyefiwa na mke, mwenyekiti wa ukumbi wa wazee wa hapa. Bok-rye akamwekea mto wa kukalia bila kumuuliza mtu. Pyo akataka kujua nimezaliwa mwaka gani. Nikamtajia. Akacheka. Amenizidi mwaka mmoja. Kwa hiyo sasa nalazimika kumwita kaka. Kaka! Mtu anayezunguka ngazi za watu akinusa!

Halafu nikasikia yaliyonichoma zaidi ya samaki. Kila Alhamisi huyu Pyo anafundisha wazee kupiga kinanda cha mdomo. Bok-rye ni mwanafunzi wake. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijamsikia hata akipiga mluzi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa pili. Naandika mikono inauma.

Maegesho ya hapa hayatoshi. Anayechelewa kurudi huacha gari lake limekingama mbele ya mengine, gia ameitoa, breki ya mkono hakuivuta, ili anayetaka kutoka alisukume tu pembeni aende zake. Kila asubuhi utaona watu wenye suti wanasukuma magari ya watu wasiowajua. Hakuna anayeshangaa. Nikaona jambo hilo linaweza kunifaa.

Pyo huwachukua wanafunzi wake kwa gari lake jeupe. Bok-rye hukaa kiti cha mbele. Cha mbele! Nikaamka kabla ya wote, nikashuka, nikasukuma gari moja zito mpaka likaziba lile jeupe. Nikaona haitoshi, maana yeyote atalisukuma tena. Nikaokota jiwe bustanini nikalikaza chini ya tairi. Nikakaza na la upande wa pili. Nikapanda juu kunywa chai, roho nyeupe.

Ebo, katika mji huu magari yote ni meupe! Nani alaumiwe? Nililoliziba ni la Hyongu. Na leo alikuwa na kikao na wakubwa wake. Nimemwona dirishani anasukuma, tai ameitupia begani. Narae akashuka kumsaidia. Mlinzi akaja. Wanasukuma watatu, gari halisogei. Akatokea Pyo, anatembea kama mtu anayekwenda kuchuma maua. Akainama, akatoa mawe, akalisogeza gari kwa mkono mmoja. Watu wakampigia makofi. Kisha akazunguka nyuma ya jengo lilikokuwa gari lake, akaondoka na mke wangu.

Mchana mlinzi akaniita kibandani. Akanionyesha kwenye kamera mzee mmoja, kofia kama yangu, koti kama langu, amekumbatia jiwe. Akaniuliza kwa heshima zote kama namfahamu. Nikasema wazee wa siku hizi wana mambo. Akasema kweli kabisa. Akasema nikimwona nimwambie kwamba hapa asubuhi wapo kina mama wengi wanaoshindwa kusukuma magari, na kwamba mgongo wake unaonekana bado una nguvu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesukuma magari asubuhi nzima. Sitaki kulizungumza.

Alasiri Bok-rye alikuwa barazani anakata yuja, ndimu zetu za Goheung, azitie sukari kwa ajili ya chai ya baridi. Mtoto amelala. Akaniambia nikae. Nikakaa. Akasema mlinzi kamwambia habari ya mawe. Nikasema mlinzi ana maneno mengi.

"Baba Hyongu, kwani umefuata nini huku?"

Nikasema meno.

"Daktari wa meno yuko jengo la pili, hapo unamwona. Hujamkanyagia mlango."

Nikasema nangoja maumivu yapungue kwanza. Akaweka kisu chini. Akanitazama, na zile nywele fupi, nikaona jinsi shingo yake ilivyo. Sikuwahi kuiona vizuri.

"Sema tu," akasema. "Mimi siumi."

Nikafungua mdomo. Haki nilifungua! Yakatoka kwamba sufuria ya wali siku hizi ina kasoro, kwamba magugu yamefika ukutani, kwamba watu kijijini wanauliza. Akauliza watu gani. Nikasema watu. Akachukua kisu chake. Akasema sufuria zina mafundi, magugu yana jembe, na watu watachoka kuuliza. Akaendelea kukata kwa nguvu kuliko ndimu ilivyohitaji.

Mji umemharibu. Zamani hakuwa na hasira zisizo na sababu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekaa nikafikiri. Nimegundua kosa. Nimekuwa nikipigana na Narae na Pyo bure. Kinachomshika Bok-rye hapa ni mjukuu, basi. Daon ana miaka miwili, hatulii kwa mtu mwingine yeyote. Hivyo anavyodai Bok-rye. Sasa, ikionekana kwamba mtoto anatulia hata bila bibi, bibi ana sababu gani ya kubaki? Hana! Inabidi afungashe. Rahisi namna hii, na mimi nilikuwa nabeba mawe!

Wakati wa chakula nikatangaza kwamba kuanzia kesho Daon nitamlea mimi, Mama Hyongu apumzishe magoti. Kijiko cha Hyongu kikabaki hewani. Narae akauliza taratibu kama Baba amewahi kubadilisha nepi. Nikamwambia nimelea ng'ombe wawili waliokataliwa na mama zao. Bok-rye akasema haya. Haya tu. Hakunitazama.

Jumatatu, 11 Novemba

Asubuhi ngumu. Mtoto kalia tangu wazazi walipotoka. Nikampa uji, akautema. Nikampa mwanasesere, akanirushia. Bok-rye amejifungia chumbani anajifunza kinanda chake, wimbo uleule, anakosea palepale.

Nikachukua mbeleko nikamfunga mgongoni. Vizuri sikufunga, akaning'inia upande kama mzigo wa kabichi. Nikashuka naye. Kwenye lifti wasichana wawili wakaniinamia kwa heshima, kisha wakafunika midomo. Mtoto analia, mimi natembea, analia, natembea. Nikamwimbia. Akazidi. Nikamtisha. Akazidi. Mwisho, kwa kukata tamaa, nikaanza kunguruma kama trekta langu linapowashwa siku ya baridi. Du. Du-du. Dududududu.

Kimya!

Nikaacha. Akalia. Nikanguruma. Kimya. Nimezunguka majengo yote nikinguruma. Mlinzi akatoka kibandani kuangalia ni gari gani. Daon akalala shavu lake limekaa mgongoni pangu, la moto. Uzito wake ni wa mfuko mdogo wa mchele. Sikukaa chini, nisije nikamwamsha.

Jumanne, 12 Novemba

Mimi ni bingwa. Amekula uji bakuli zima, mradi kila kijiko kiingie na trekta. Amenisukuma pua, amecheka mpaka akapata kwikwi. Kina bibi wa uwanja wa michezo wameniambia hawajaona babu kama mimi. Mmoja amenipa viazi vitamu vya kuchoma. Pyo akapita, akasema, Mdogo wangu, una kipaji. Kumbe naye ana akili kidogo.

Narae karudi akakuta mtoto ameoga, ameshiba, anavuta sikio langu. Macho yakamjaa maji. Akasema huko benki huwa anaenda chooni kupiga simu kuuliza kama mtoto analia, leo hakupiga hata mara moja. Nikamwambia kazi ya kawaida tu. Bok-rye alikuwa anakunja nguo. Akauliza kama mgongo hauniumi. Nikasema mgongo? Mgongo gani?

Umekwisha. Siwezi kuinama kuvua soksi. Nimelala nazo.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya ushindi. Naandika kwa mpangilio ili niisome nikiwa mzee zaidi.

Wakati wa chakula nikakohoa, nikaweka vijiti chini. Nikasema sote tumeona kwa macho. Mtoto anatulia. Mtoto anakula. Kwa hiyo Mama Hyongu hana haja ya kuendelea kujitesa huku, na nyumba ipo, na siku ya kutengeneza kimchi inakaribia. Nikaegemea ukuta, nangoja mabishano. Nilikuwa nimeandaa majibu.

Hakuna aliyebisha! Hyongu akasema kwa kweli mama amechoka, wamekuwa wakiona aibu kumwomba aendelee. Narae akamshika mama mkono, akamshukuru. Bok-rye akasema naye alikuwa hajui aanzie wapi kuwaambia. Akasimama, akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Zipu ya begi! Sijasikia sauti tamu zaidi mwaka huu. Nikaingia na mimi kutafuta ndoo yangu.

Narae akanikuta nakunja koti. Akauliza, Baba unakwenda wapi? Nikasema nyumbani, na mama. Akamwita Hyongu. Hyongu akaja. Wakatazamana. Hyongu akauliza, kwa upole kabisa, sasa Daon atakaa na nani.

"Baba mwenyewe umesema unamweza," akasema.

Nikamtazama Bok-rye. Nikamtazama kweli, anisaidie. Alikuwa anafunga kinanda chake kwenye soksi, kisipate mikwaruzo. Akasema nguo zangu za joto atazituma kwa basi.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo ni siku ya mtihani wa taifa, ofisi zinafunguliwa kwa kuchelewa, watu wanatembea kwa kunyata ili watahiniwa wasisumbuliwe. Hyongu akapata nafasi ya kumpeleka mama yake stendi. Nami nikaenda, mtoto mgongoni, nimezuiwa kunguruma mji mzima.

Bok-rye amekaa kiti cha dirishani. Amefungua dirisha kidogo akaniambia Daon asipewe kastadi baada ya saa kumi, mafua yake yaangaliwe, na mimi nisisahau kula. Nilitaka kupanda. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Dereva akauliza, Mzee, unasafiri? Watu wote wakageuka. Nikasema hapana, nakagua tairi. Tairi nikalipiga teke. Basi likaondoka.

Daon akapunga mkono mpaka likakata kona. Kisha akauliza bibi yuko wapi. Nikamwambia ameenda kutengeneza sufuria.

Balaa gani hili! Nilikuja kumchukua arudi nyumbani. Amerudi nyumbani. Mpango umefaulu kila kipengele. Mbona niko huku?

Jumapili, 17 Novemba

Nimepiga simu. Nilingoja yeye apige, hakupiga, nikaona labda simu yake imeharibika, ni wajibu wa mume kuhakikisha. Haijaharibika.

Anasema amelala mpaka jua limefika ukutani. Hakuna aliyemwamsha. Amekaa kibarazani amekula kaki, lile tunda letu la rangi ya chungwa, lililoiva lenyewe mtini. Jana majirani walikuja, wakacheka mpaka wakasahau kula. Magugu ameyang'oa. Anasema jioni anapiga kinanda chake, na hakuna wa kumsikia akikosea. Anayasema haya yote kwa sauti ya taratibu. Sikumbuki lini alinisemesha kwa muda mrefu namna hii.

Halafu akatoka nje na simu. Nikasikia jogoo wetu.

"Nyumba imetulia," akasema. "Imetulia mno, Baba Hyongu." Kisha akaniuliza. "Huna neno? Neno moja tu. Ukilisema, Narae atapata mtu wa kumlea mtoto mchana, tumeshaongea mimi na yeye, na wewe unapanda basi."

Mtego! Nimeutambua palepale. Anataka niseme mimi kwanza. Nikishalisema leo, kesho nitaambiwa niliomba. Lilikuwa limefika hapa, kooni, naapa, nikalimeza. Nikasema huku kila kitu kizuri, mtoto mzima, mji mzuri, sina haraka hata kidogo. Nikaongeza kwamba hewa ya huku inanikubali.

"Haya," akasema. Akakata.

Nimesimama dirishani na mtoto mgongoni. Alikuwa amelala, kwa hiyo hawezi kupeleka maneno. Nikamwambia yeye. Nimemkumbuka bibi yako, nikasema. Nimemkumbuka hata anavyokunja taulo. Nikiamka nageuka upande wake. Daon akakoroma. Nikamwambia ni siri yetu, nikanguruma kidogo asiamke.

Lakini sikushindwa! Sikusema neno, sasa yeye ndiye anayehangaika huko. Nimeshapanga. Nimempigia mkuu wa kijiji, yule anayetangaza habari kwa kipaza sauti kila asubuhi. Kesho, baada ya tangazo la mbolea, atasema kwamba mwanakijiji mmoja aliyeko Gwangju anaumwa sana mgongo na huenda asirudi kuonekana. Jina asitaje. Akaniuliza kwa nini nisimwambie mke wangu mwenyewe, si nina simu. Watu wa kijijini hawajui kabisa jinsi ya kuishi na mwanamke. Nimemwambia atangaze mara mbili, Bok-rye siku hizi anachelewa kuamka.